UMEME WA JUA NA MAJI KATIKA VITUO VYA AFYA: TUUTUMIE KWA MIZANI

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii malaria, wala minyoo, wala lishe ya watoto. Tunazungumzia umeme. Huenda wengine mtashangaa na kusema kwamba hayo ni mambo ya mafundi, si ya waganga na wauguzi. Sisi pia tulifikiri hivyo kwa miaka mingi, mpaka usiku mmoja ulipotufundisha.

Tulikuwa katika safari ya kliniki ya mkoba, tukalala katika kituo cha afya cha parokia moja huko milimani. Ilikuwa mwezi wa Aprili. Jina la kituo hatulitaji, maana tuliyoyaona pale tumeyaona na kwingine. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na jua hatukuliona ila kama doa jeupe nyuma ya mawingu. Kituo kile kilikuwa na umeme wa jua: paneli juu ya paa, betri nne katika chumba kidogo, na inveta ukutani.

Wodini alikuwamo mtoto wa miezi minane mwenye nimonia kali. Alikuwa amewekewa mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya kawaida ya chumbani, ikachuja naitrojeni na kubakiza oksijeni kwa ajili ya mgonjwa. Mashine hii haihitaji mtungi, lakini bila umeme haifanyi kazi hata dakika moja. Mama yake alikuwa amekaa kitandani, amempakata.

Saa nane usiku inveta ilianza kulia. Ililia mara mbili, kisha ikazima, na kituo kizima kikawa giza. Sista muuguzi alifika mbio na tochi. Mtungi wa akiba wa oksijeni ulikuwapo stoo, tena umejaa. Lakini spana ya kuufungulia alikuwa nayo mtunza stoo, naye alikuwa amelala nyumbani kwake ng'ambo ya mto. Kijana wa zamu alikwenda kumwita kwa miguu. Spana ilipofika ilikuwa imepita karibu saa nzima. Mtoto yule hakuiona asubuhi.

Hatusemi kwamba kukatika kwa umeme ndiko kulikomwua. Nimonia yake ilikuwa nzito, na alikuwa ameletwa akiwa amechelewa. Lakini hakuna mtu pale aliyeweza kumtazama mama yake usoni na kumwambia kwamba yote yaliyowezekana yalifanyika.

Asubuhi fundi alikuja, akafuata nyaya. Waya mmoja ulitoka chumba cha betri, ukavuka ua, ukaingia nyumba ya mapadre. Huko kulikuwa na friza kubwa iliyojaa nyama ya sherehe ya kipaimara ya Jumapili, na televisheni. Baba Paroko alikaa kwenye ngazi kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza, "Sista, mbona hukuniambia?"

Sista akamjibu, "Baba, hata mimi sikujua. Wote tulidhani umeme wa jua ni wa bure na hauishi."

Maneno hayo ya Sista ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii.

UMEME HAUKAI GHALANI

Mahindi tunavuna mwezi wa sita, tukayala hata mwezi wa pili. Umeme si hivyo. Umeme unaopita katika nyaya hutumika papo hapo unapofuliwa. Kila sekunde, kiasi kinachozalishwa na kiasi kinachotumika lazima vilingane. Ni mizani yenye vikombe viwili: kimoja ni mitambo, kingine ni taa, pasi, vinu vya kusaga na mashine zetu zote. Kikombe kimoja kikizidi, mizani huinama.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki mitambo mikubwa huzunguka kwa mwendo wa kutoa umeme wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Mfikirieni mtu anayeendesha baiskeli kwenye tambarare. Akifika mlimani na bado anakanyaga kwa nguvu ileile, baiskeli hupunguza mwendo. Mtambo wa umeme nao ni hivyo. Watu wengi wakiwasha vyombo kwa pamoja, mtambo huelemewa na kupunguza mwendo, na hezi hushuka chini ya 50. Watu wengi wakizima, mtambo hukimbia na hezi hupanda. Ndiyo sababu mtambo wa maji huwa na kifaa cha kufungua na kufunga mlango wa maji chenyewe, kadiri mzigo unavyobadilika.

Hezi zikishuka mno, vifaa vya ulinzi hukata baadhi ya njia za umeme ili kuokoa mfumo usianguke wote. Hapo ndipo mtaa wako unapoingia gizani, na wa jirani unabaki na mwanga. Na ikiwa mizani imeinama ghafula kuliko ulinzi unavyoweza kuhimili, mitambo hujitoa mmoja baada ya mwingine, gridi nzima ikaanguka. Wakenya wanaukumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, na Watanzania wanaikumbuka Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024. Katika nyakati kama hizo hospitali kubwa huwasha jenereta. Je, zahanati ya kijijini huwasha nini?

Hili si tatizo la kwetu peke yetu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani pamoja na Benki ya Dunia na mashirika mengine walitoa taarifa kwamba watu karibu bilioni 1 katika nchi za kipato cha chini na zile za kipato cha kati cha ngazi ya chini hutegemea vituo vya afya visivyo na umeme wa kuaminika, au visivyo na umeme kabisa.

JUA, MAJI NA UPEPO HAVITII AMRI

Mtambo wa dizeli ukihitaji umeme zaidi unauongezea mafuta. Jua huwezi kuliamuru. Kila mmoja wetu anajua kwamba jua ni kali saa sita mchana, wakati watu wako shambani na taa zimezimwa. Watu wakirudi nyumbani jioni, wakawasha taa, redio na televisheni, jua limekwisha kuzama. Kwa hiyo saa za jua kali na saa za matumizi makubwa hazikutani. Maji ya mto yana tabia nyingine: hutiririka usiku na mchana bila kupumzika, lakini hupungua wakati wa kiangazi. Upepo nao hufuata majira yake.

Basi, kazi ya watu wenye busara ni kupatanisha tabia hizo, ili anapochoka mmoja mwingine ashike. Mfano mzuri uko wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Mwaka 2012 mtambo wa maji wa Mwenga, wenye uwezo wa megawati 4, ulianza kufua umeme. Sehemu huuzwa kwa TANESCO, na sehemu huwafikia moja kwa moja watu wa vijiji vya jirani. Tatizo lao lilikuwa lile tunalolijua: kiangazi mto hupungua. Lakini katika nyanda zile upepo huvuma zaidi katika miezi hiyohiyo ya kiangazi. Kwa hiyo mwaka 2020 walisimamisha mitambo mitatu ya upepo yenye jumla ya megawati 2.4. Mto ukinywea, upepo unasaidia. Upepo ukitulia wakati wa masika, mto umejaa.

Mfano mwingine uko mkoani Ruvuma. Kwa miaka mingi mji wa Songea haukuunganishwa na Gridi ya Taifa, ukawa unategemea mitambo ya dizeli. Masista Wabenedikitini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walijenga kituo cha maji cha Tulila kwenye mto Ruvuma, chenye uwezo wa megawati 5, na tangu mwaka 2015 umeme wake ukaanza kuuzwa kwa TANESCO. Kila uniti iliyotoka katika mitambo yao ilikuwa dizeli isiyochomwa mjini. Mwaka 2018 Songea iliungwa na Gridi ya Taifa kwa njia kubwa kutoka Makambako. Tangu hapo umeme wa Ruvuma unaweza kwenda mbali ukizidi, na wa mbali unaweza kuja ukipungua. Kuungana ni njia mojawapo ya kusawazisha mizani, kama vile majirani wanavyoazimana chumvi.

Katika kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Viktoria, hakukuwa na jirani wa kumwazima. Kijiji cha Bwisya kilipata umeme wa jua wa kampuni ya JUMEME mwaka 2016. Mchana paneli zilitoa umeme mwingi kuliko taa za nyumbani zilivyohitaji. Kampuni ikaona kwamba ni afadhali kuupa umeme wa mchana kazi ya kufanya. Kwa hiyo ilianza kununua samaki kwa wavuvi na kuwagandisha kwa umeme huohuo. Barafu iliyogandishwa saa saba mchana hubaki baridi hata usiku. Tukumbuke neno hili la barafu, maana tutalirudia tutakapofika kwenye chanjo.

KUWA NA UMEME MWINGI SI SAWA NA KUTOSHEKA

Wako wanaosema, "Tujenge mabwawa makubwa, mambo yote yatakwisha." Mabwawa ni mazuri, lakini tuangalie yaliyotokea. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Mwalimu Nyerere kwenye mto Rufiji ulianza kufua umeme Februari 2024. Bwawa hilo lina mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115. Mwezi uliofuata Serikali ilieleza kwamba vituo vitano vya maji vilikuwa vimezimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Na ni miezi michache tu kabla ya hapo watu walikuwa katika mgao! Hata hivyo katika kipindi hichohicho mitaa mingi ilikuwa bado ikikatiwa umeme, kwa sababu ya nyaya na transfoma zilizochakaa.

Fundisho ni hili: umeme mwingi bwawani haumsaidii mama anayejifungua usiku ikiwa njia ya kuufikisha ni mbovu. Umeme unatakiwa uwe mahali pake na kwa wakati wake.

Kenya nayo ina fumbo lake. Mvuke wa Olkaria hautaki kulala, na mitambo 365 ya upepo iliyoko karibu na Ziwa Turkana huzunguka hata usiku wa manane. Lakini usiku watu wamelala na viwanda vingi vimefungwa. Kwa hiyo Desemba 2017 Kenya ilianza kuwauzia wateja wakubwa wa viwanda na biashara umeme wa usiku kwa nusu ya bei, kwa yale matumizi yanayozidi kiwango chao cha kawaida. Badala ya kuulizana tu "umeme utoke wapi", waliuliza pia "utumike saa ngapi". Swali hili la pili hata kituo kidogo cha afya kinaweza kulijibu, tena bila kungoja mfadhili.

HESABU YA KITUO KIMOJA

Tuchukue mfano wa kituo chenye paneli za jumla ya wati 2,000. Siku ya jua zuri tunaweza kuhesabu saa tano za jua kamili. Wati 2,000 kwa saa tano ni uniti 10, zilezile uniti tunazozijua kwenye LUKU. Robo hupotea katika joto, nyaya, betri na inveta. Zinabaki uniti 7.5 hivi.

Sasa tuone matumizi ya siku moja:

Friji ya chanjo: uniti 1.
Taa 10 za wati 10, kwa saa 10: uniti 1.
Mashine ya oksijeni ya wati 350, kwa saa 10: uniti 3.5.
Darubini ya maabara na mambo madogo: uniti 0.5.

Jumla ni uniti 6. Zinabaki uniti 1.5, na kituo kinalala salama. Lakini tukiongeza friza ya nyama (uniti 2), televisheni na dekoda kwa saa nne (uniti 0.6) na pasi kwa nusu saa (uniti 0.5), jumla inakuwa 9.1. Kila siku, hata siku ya jua kali, kituo kinakula kuliko kinavyovuna. Siku za mawingu mazito mavuno yanaweza kushuka hata chini ya robo. Hapo hakuna muujiza utakaotokea.

Tuangalie usiku. Betri nne za volti 12 zenye ampea-saa 200 hubeba uniti 9.6. Lakini betri hizi za risasi na tindikali hazipaswi kutumiwa zaidi ya nusu kila siku, ama sivyo hufa mapema. Kwa hiyo tunazo uniti 4.8 tu. Mtoto akihitaji oksijeni saa 12 za usiku mzima, mashine itakula uniti 4.2. Taa zote uniti 1, na friji nusu uniti. Jumla 5.7. Haitoshi!

Je, tumwondolee mtoto mashine? Hapana. Tunabadili vingine. Tunaacha taa tatu tu (uniti 0.3). Friji ya chanjo, kama ni ile yenye barafu ndani ya kuta zake, tunaizima mpaka asubuhi bila kuifungua. Sasa jumla ni 4.5. Bado nafasi ni finyu, maana inveta nayo hula kidogo, lakini kupita nusu kidogo kwa usiku mmoja hakuziui betri. Mtoto amepata oksijeni yake, kwa hesabu tu, bila kununua kitu.

Kuna hesabu nyingine, ya papo hapo. Inveta ya wati 3,000 haiwezi kubeba zaidi ya hapo hata kama betri zimejaa pomoni. Mashine ya kutakasia vifaa kwa mvuke ikila wati 2,000, na mtu jikoni akawasha birika la umeme la wati 2,000, inveta itajizima mara moja. Kwa hiyo tuna mizani mbili za kutazama: mizani ya siku nzima na mizani ya dakika hii.

KUPANGA MATUMIZI KWA SAA

Tunashauri kila kituo kigawe vyombo vyake katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vile visivyoweza kungoja: mashine ya oksijeni, taa ya leba, mashine ya kunyonya makamasi ya mtoto mchanga, taa ya chumba cha upasuaji. Hivi viwe na waya wao peke yao, na visikatwe kwa sababu yoyote.

Fungu la pili ni kazi za lazima, lakini zinazoweza kuchaguliwa saa. Kutakasa vifaa, kufua mashuka, kupampu maji, kuchaji tochi na simu. Hizi zifanyike kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa kali. Maji yaliyopandishwa kwenye tangi la mnarani saa sita mchana yatashuka yenyewe usiku bila umeme. Tangi hilo ni akiba kama betri, tena ni betri isiyokufa baada ya miaka mitano.

Chanjo zimo katika fungu hili, kwa namna yake. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Friji maalumu zenye barafu kutani huweza kuhifadhi baridi hiyo zikipata umeme saa nane tu kwa siku. Ziko pia friji za jua zisizotumia betri kabisa: paneli hugandisha barafu mchana, na barafu hulinda chanjo usiku. Ni akili ileile ya samaki wa Ukara. Lakini tahadhari: friji ya kawaida ya nyumbani haina uwezo huo. Na msidhani kwamba baridi zaidi ni salama zaidi. Chanjo ya pepopunda na ile ya homa ya ini aina ya B zikiganda huharibika, hata zikiyeyuka na kuonekana nzima. Angalieni pia kibandiko kilicho kwenye chupa: kile kiboksi cha ndani kikiwa na rangi sawa na duara linalokizunguka, au kikawa cheusi zaidi, chanjo hiyo isitumike.

Fungu la tatu ni vile tunavyovipenda, lakini mgonjwa havimsaidii: pasi, birika, friza ya nyama, televisheni. Hatusemi mapadre, masista na wauguzi wasitazame habari. Wauguzi wanaokaa gizani kila jioni huomba uhamisho. Tunasema tu kwamba vyombo hivi viwe na paneli na betri zao, mbali na za wagonjwa.

Kwa vituo vyenye mtambo mdogo wa maji, hali ni kinyume. Mto haulali, na usiku wa manane umeme hauna mtumiaji. Mitambo mingi midogo ina kifaa kinachopeleka umeme uliozidi kwenye vyuma vya kuchemshia, ili mtambo usikimbie na kuunguza taa za watu. Mahali pengi joto hilo hupotea bure. Mkiweza, vyuma hivyo viwe ndani ya tangi la maji la kituo. Mama aliyejifungua alfajiri atapata maji ya moto, na mtambo utapata mzigo wake wa kuutuliza.

HATARI ZA KUANGALIA

Betri za tindikali zinapochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Chumba chake kiwe na madirisha, asivutie mtu sigara humo, wala pasiingizwe mshumaa au koroboi. Ziongezwe maji yaliyosafishwa maalumu, si maji ya bomba. Tindikali ikimrukia mtu machoni, aoshwe kwa maji mengi safi kwa dakika 20 au zaidi, kisha aonwe na mganga.

Jenereta isiwashwe kamwe ndani ya nyumba, wala chini ya dirisha la wodi. Moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, akasikia usingizi, na huenda asiamke tena.

Aidha, jenereta isiunganishwe na nyaya za kituo bila swichi ya kubadilishia. Bila swichi hiyo umeme wenu hurudi kwenye nguzo, na fundi anayetengeneza njia akiamini imezimwa anaweza kufa.

MASWALI KWA KAMATI ZA VITUO

Tunawaomba wanakamati wa vituo vya afya wakae na wauguzi wao na kujiuliza maswali haya:

1. Paneli zetu huvuna uniti ngapi siku ya jua, na ngapi siku ya mawingu?
2. Je, matumizi yetu ya kila siku yameandikwa mahali, chombo kwa chombo?
3. Nani amevuta waya kutoka katika betri za kituo, na kwa ruhusa ya nani?
4. Jioni jua linapozama, nani huangalia kama betri zimejaa, na huandika wapi?
5. Mashine ya oksijeni ikizimika, mtungi wa akiba uko wapi, na spana yake iko wapi? Je, kila mtu wa zamu ya usiku anaweza kuufungua gizani?
6. Je, kuna kifuko cha kupulizia pumzi kwa mkono, cha ukubwa wa mtoto na cha mtu mzima? Hiki hakihitaji umeme wowote.
7. Kila mwezi tunaweka akiba kiasi gani kwa ajili ya betri mpya? Jua ni la bure, lakini betri si za bure.

Swali la tano halina gharama yoyote. Jibuni hilo leo kabla ya kulala.

Tulirudi katika kituo kile mwaka uliofuata. Waya uliovuka ua ulikuwa umeondolewa, na nyumba ya mapadre ilikuwa na paneli zake ndogo. Kwenye mlango wa chumba cha betri palibandikwa karatasi yenye mafungu matatu, imeandikwa kwa mkono wa Sista. Mashuka yalikuwa yakifuliwa mchana, na pampu ilikuwa ikinguruma jua likiwa utosini. Wodini, mtungi wa oksijeni ulikuwa umesimama pembeni mwa kitanda, na spana imefungwa shingoni mwake kwa mnyororo.

Tulimwuliza Sista kama mnyororo ule hauwasumbui wakati wa kufungua. Akasema, "Unasumbua kidogo. Lakini spana haiondoki tena hapa."